Trela Lenye Adabu

Kazi yangu ni kuandika magari. Nina kibanda cha mabati ndani ya yadi moja ya matrela, nje kidogo ya mji wa Migori, na humo nimeweka makopo ya rangi, brashi, kamba ya kupigia mistari na redio inayoshika stesheni moja tu. Wenye magari huja na maneno yao vichwani. Mmoja aliyebahatika na dhahabu kule Masara alitaka nimchoree kambare aliyevaa miwani ya jua, na chini yake niandike WIVU HAUENDESHI LORI. Nikamchorea. Mwingine, anayesafirisha ng'ombe, alitaka POLEPOLE, MKE WANGU ANATAZAMA. Mwingine tena alitaka NYASAYE OYIE, yaani Mungu amekubali, ingawa breki zake sidhani kama kuna aliyezikubali. Haya hunichekesha na sina ugomvi nayo. Kila mtu anajua kambare havai miwani, kwa hiyo kambare wangu hajawahi kumdanganya mtu.

Lakini ziko alama nyingine zisizo za mzaha. GARI REFU. MZIGO MPANA. Ile mistari myekundu na ya manjano ya mkiani. Hizo mtu huzisoma kwa ajili ya uhai wake. Nikiandika GARI REFU, basi gari liwe refu. Wamewahi kunijia watu wenye pikapu, wakitaka niwaandikie maneno hayo ili wapishwe barabarani, na nikawafukuza yadini mbele ya watu. Nayasema haya mapema ili msomaji aelewe hasira yangu ilikotoka. Si hasira ya mtoto aliyeumiziwa mama tu, ingawa hiyo nayo ipo na sitaificha.

Mama yangu anauza omena na viazi vitamu Rangwe, kwenye kona ya barabara ya Homa Bay, pale inapochepuka njia ya marram, isiyo na lami, kuelekea bohari la nguzo za stima. Mahali pale alikaa nyanya yangu kabla yake, mama mkwe wake. Alipochoka kwenda soko alimkabidhi mama jiwe lake la kukalia, jiwe jeusi lililolainika kwa kukaliwa, na tangu hapo hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kulikalia hata mama akiwa mgonjwa. Nilisomeshwa kutoka kwenye jiwe lile. Brashi yangu ya kwanza ilitoka pale pia.

Kona yenyewe ni kali. Trela refu likipinda, kichwa huzunguka kwa mbali, lakini magurudumu ya nyuma huchukua njia ya mkato na kupanda ukingoni, palepale walipo kina mama. Kwa hiyo wamejiwekea desturi yao. Dereva akipiga honi, wote hubeba mabeseni yao na kusogea hadi ukuta wa duka la simiti na mabati. Gari hupita juu ya nafasi zao, kisha wao hurudi, hukaa, na kuendelea na bei waliyoiachia katikati. Mgeni hushangaa. Wao hata mazungumzo hawakatizi.

Kisha likaja trela moja la kubebea nguzo. Lilikuwa kuukuu, limenunuliwa huko Ulaya, refu kuliko yote tuliyoyazoea. Ubavuni, karibu na mkia, lilikuwa na kibao cha manjano chenye maneno ya lugha ambayo hakuna mtu Rangwe wala Migori aliyeifahamu. Chini ya maneno kulikuwa na mchoro wa magurudumu matatu yamepangwa mstari, la mwisho limepinda, na mshale uliojikunja kando yake. Ekseli yake ya nyuma kabisa ilikuwa ya kupinda. Kichwa kikienda kushoto, magurudumu ya mwisho hujigeuza yenyewe, na mkia hukifuata kichwa badala ya kukata kona.

Siku ya kwanza kina mama walibeba mabeseni kama kawaida na kukimbilia ukutani. Trela likapinda, mkia ukafuata, na ukingo haukuguswa. Walibaki wamesimama na omena vichwani wakitazama nafasi tupu, mpaka wakaanza kuchekana.

Mama hakuingia darasani hata siku moja. Nilipoenda nyumbani mwisho wa mwezi alinikalisha jikoni, akachora kwa kidole kwenye majivu yale magurudumu matatu na ule mshale.

"Wuoda, hii ni nini?" akaniuliza. Ndivyo anavyoniita, mwanangu, hata nikiwa na mvi.

Nikaanza kumweleza habari za ekseli. Akanikatiza.

"Najua. Gurudumu ya mwisho inapinda. Inasema watu wasihame. Nilikuwa nataka kuona kama wewe unajua."

Akawafundisha wenzake. Kuanzia hapo trela lile likapata jina pale konani, likaitwa lenye adabu. Yakija mengine, honi ikilia, wote juu. Likija lile, hakuna anayeinua hata kisahani. "Hiyo wachana nayo, iko na adabu," mama huwaambia wageni, bila kuinuka. Na kibao alikisoma kwa sauti kila kilipopita, hata pasipo mtu aliyemuuliza, kama watoto wanavyosoma majina ya maduka wanapoanza kujua herufi. Njia yote ya Rangwe imejaa maandishi, ya kanisa, ya simu, ya mbegu, ya mwanasiasa huyu na yule, na yote yalimpita mama kimya. Kile kimoja kilikuwa chake.

Siku ya ajali mimi nilikuwa Migori. Niliyoyajua niliambiwa na mzee mwenye duka la simiti, Mwislamu aliyetoka kaskazini miaka mingi iliyopita akaamua kuzeekea kwetu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni pake. Trela lilikuja asubuhi na nguzo zake. Dereva akapiga honi. Kina mama wakageuka, wakaona rangi ya manjano, wakarudi kwenye biashara zao. Mama alikuwa anampimia mteja omena. Dereva naye alikuwa mpya kwa trela lile; alipokwisha kupiga honi, alijua watu watahama, maana honi ikilia pale watu huhama. Akapinda. Mkia safari hii haukufuata kitu. Ulikata kona kama wa trela lingine lolote, ukapanda ukingoni, ukasomba mabeseni na viazi. Wenzake waliruka. Mama alikuwa kwenye jiwe lake, mwisho kabisa, na gurudumu la ndani likapita juu ya mguu wake wa kushoto.

Mzee wa duka ndiye aliyemfunga kwa kilemba chake na kumpakia kwenye pikapu yake hadi hospitali ya Homa Bay. Madaktari walijitahidi. Waliokoa kisigino, lakini vidole na sehemu yote ya mbele hawakuweza.

Nilifika wodini nikakuta askari wa trafiki anamalizia maswali. Mama alikuwa bado amelewa dawa, na askari alikuwa amekunja mikono kama mtu anayesubiri chakula kilichochelewa.

"Hawa kina mama wanakaa barabarani," akaniambia. "Wanaambiwa, hawasikii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Alisema hivyo mbele ya mguu wenyewe uliofungwa bendeji. Nimewahi kukasirika maishani, mimi si malaika, lakini siku ile niliogopa mikono yangu mwenyewe. Nikaitia mifukoni. Nikamwambia methali hiyo nasi tuliisoma shuleni, na kwamba nilidhani amekuja kuuliza kuhusu gari. Akasema gari lilikuwa na kila kitu, taa, breki, hata kibao cha onyo. "Alionywa," akasema, na akaondoka.

Mama alipopata fahamu vizuri hakulalamikia maumivu. Aliniuliza jambo moja, na akalirudia kesho yake na siku zilizofuata, mpaka nikaanza kuchukia kuingia wodini.

"Nilisoma vibaya?"

Wenzake waliokuja kumtazama walimhurumia, lakini niliyasikia waliyosema koridoni. Walisema ndiye aliyewafundisha wasihame. Hawakusema kwa ubaya. Yeye pia aliwasikia.

Wiki hiyohiyo trela lilikuja yadini kwetu Migori kunyooshwa bampa ya nyuma. Nilikiona kile kibao kwa mbali nikiwa kwenye ngazi, nikashuka. Nililala chali kwenye vumbi nikaingia chini yake. Kwenye ekseli ya mwisho, pale inapopaswa kuzunguka, kulikuwa na mapande mawili ya chuma kinene, moja kila upande, yamechomelewa yakashikana na fremu. Ekseli isingeweza kupinda hata kwa nyundo. Juu ya yale mapande walikuwa wamepaka rangi nyeusi, na kazi ya rangi ilikuwa nzuri, siwezi kuwanyima hilo.

Fundi wa kuchomelea katika yadi yetu ni jirani yangu, tunakula naye mchana kwenye kibanda kimoja. Nilimuuliza kama anajua nani alifanya kazi ile.

"Ni mimi, omera, ndugu yangu," akasema bila wasiwasi wowote. "Bushi, zile pete za kuzungushia ekseli, zilikuwa zimeisha. Spea haipatikani hapa, na tairi zilikuwa zinalika upande moja. Mdosi akasema nifunge kabisa. Si hizi zote tunafunga? Inakuwa trela ya kawaida."

"Na kibao?"

"Kibao gani?"

Nikamwonyesha. Alikitazama kwa muda, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza anakitazama kama kitu kinachosema jambo. Akaniambia kweli hakukifikiria. Nilimwamini, na bado tunakula pamoja, ila siku ile nilimwachia sahani yangu.

Mwenye trela alikuja jioni kulichukua. Ni mtu wa watu, mchango wa kanisa haumpiti, na hospitalini alikuwa ametuma unga na sukari, vyote viwili nikavigawa wodini. Nilimsalimia kama inavyotakiwa, nikamwita mzee, kisha nikamuuliza kwa nini hakukitoa kile kibao alipofunga ekseli.

"Kijana, kibao kilikuja na gari," akasema.

Nikamwambia ekseli ya kupinda nayo ilikuja na gari, na hiyo aliona wepesi kuiua.

"Kibao hakili mafuta," akasema, na watu wake wakacheka. "Tena kinanisaidia. Askari wakiona maandishi ya kizungu wanajua hii ni gari ya maana. Na mama yako, pole sana, lakini nani alimwambia asome kibao yangu?"

Hapo nilimjibu maneno ambayo sitayaandika, kwa sababu mama atasomewa karatasi hii. Lakini yale mengine nayaandika. Nilimwambia kibao si pambo, si hereni. Ukikining'iniza mkiani mwa gari lenye uzito ule, umewaahidi watu jambo, na ukaenda ukavunja ahadi chini kwa chini, ukapaka rangi nyeusi, ukaacha ahadi inang'aa juu. Nilimwambia mganga wa barabarani anayeuza maji ya mto kama dawa ni afadhali, maana yeye angalau hukimbia. Akanitazama kwa upole ule wa watu wenye magari mengi. Kisha akanyoosha kidole kwenye kibao, ambacho kilikuwa kimechubuka pembeni na kupotewa na mchoro wa gurudumu moja, akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye fundi mzuri, nikipake upya.

Nilikataa. Kesho yake alipata mwandishi mwingine, upande wa pili wa mji. Trela likapita mbele ya yadi yetu na kibao chake, magurudumu matatu, la mwisho limepinda vizuri kabisa, manjano mbichi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu inatoka Migori hadi Homa Bay na kurudi, na hakuna aliyemsimamisha.

Mama alitoka hospitalini na mikongojo, na kabla hajajifunza kuitumia vizuri, kona yenyewe ilitaka kumtoka. Afisa wa soko alifika Rangwe na kutangaza kwamba kina mama wote watahamishiwa nyuma ya machinjio, kwa usalama wao. Nyuma ya machinjio hapapiti mtu ila mbwa na mwenye ng'ombe. Nilisafiri siku hiyo makusudi. Nilimkuta afisa amesimama karibu na jiwe la mama, kiatu kimoja juu yake, akieleza.

"Hapa ni barabarani," alikuwa akisema. "Huyo mama aliumia kwa sababu alikaa barabarani. Serikali haiwezi kungoja mwingine aumie."

Nilimwambia habari ya ekseli. Nilimwambia trela lile bado linapita na uongo wake, na kwamba kama anaogopa mwingine asiumie aanze na hilo. Akasema yeye ni afisa wa soko, haangalii chini ya magari. Nikamuuliza basi kwa nini anaangalia chini ya kina mama. Watu wakaguna, naye akawa mkali. Nadhani tungefika pabaya, lakini mzee wa duka la simiti alitoka ndani, akanyoosha mkono kwa utaratibu, akamsalimia afisa na kuuliza habari za nyumbani kwake hadi zikaisha. Kisha akatuomba tumfuate. Alitembea hadi ukingoni, akapita jiwe la mama, akainama, na kwa fimbo yake akafukua nyasi na udongo. Chini yake kulikuwa na bikoni ya simiti, alama ya mpaka wa kiwanja.

"Ploti yangu inafika hapa," akasema. "Hawa wako kwangu. Mimi sijawafukuza."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye si mtu wa kusema jambo ambalo hajaulizwa. Kwa miaka yote ile matrela yalikuwa yakimpandia kiwanja chake, naye alihesabu hilo kuwa ujirani. Afisa alipima kwa macho, kutoka bikoni hadi jiwe, mara mbili. Akatoa kiatu chake. Kwa hiyo mama hakuwa amekaa barabarani. Barabara ndiyo iliyomfuata alipokaa. Nilitamani yule askari wa methali angekuwepo, nimwonyeshe bikoni na nimwambie aichungulie vizuri, lakini watu kama wale huwepo tu wakati wa kulaumu.

Kona ikabaki ya kina mama. Mzee akaniambia nikitaka kuandika chochote, ukuta wa duka lake unaoitazama kona ni wangu.

Niliufanyia kazi ukuta ule kwa moyo ambao sijawahi kuutia kwenye trela la mtu. Sikuandika herufi hata moja. Nilichora kona yenyewe, nikachora trela lenye kibao cha manjano, na chini yake magurudumu matatu, la mwisho limefungwa kwa mapande mawili mekundu, limenyooka kabisa. Nikachora mstari wa njia ya magurudumu unavyokata ukingo. Nikachora wanawake wenye mabeseni wakirudi nyuma. Mtoto angeelewa. Nilikuwa nachora kwa ajili ya msomaji mmoja.

Alikuja asubuhi iliyofuata, mara ya kwanza tangu ajali, kwa mikongojo, wenzake wawili wakimshika viwiko na yeye akiwaambia wamwache. Walikuwa wamelipangusa jiwe lake. Alikaa, akapanga omena yake, akapanga viazi, na baada ya hapo ndipo akainua macho ukutani. Alisoma kwa sauti, kuanzia kushoto, pasipo kukosa kitu. "Gari iko na kibao. Gurudumu ya mwisho imefungwa kwa chuma. Haipindi. Itakata kona. Watu wahame." Mmoja wa wale wanawake waliokuwa wakisema koridoni akasema, "Mama, ulisoma vizuri hata siku ile. Gari ndiyo ilidanganya." Nikafikiri, basi, nimemrudishia kusoma kwake.

Honi ikalia. Lilikuwa trela jingine, si lile, jipya kabisa, limebeba mabomba. Ubavuni, karibu na mkia, lilikuwa na kibao cha manjano, magurudumu matatu, la mwisho limepinda. Mama akaanza kuvuta mikongojo.

"Hili si lile, Mama," nikamwambia. "Hili nalijua. Lilipita yadini, nilichungulia chini yake. Ekseli inapinda. Kaa tu."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, ile yote ilikuwa yangu.

"Umeangalia leo?"

Sikuwa nimeangalia leo. Nikabeba beseni, nikamshika kiwiko, na safari hii hakunikatalia. Tukasogea hadi ukutani, tukasimama chini ya mchoro wangu, na trela likapinda kwa adabu zake zote bila kugusa ukingo wala jiwe lililokuwa tupu.